Sakafu ya Karakana ya Bwana Sadru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msimamizi alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniambia nikafagie. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, nimetoka Morogoro, naishi Mount Dennis, mtaa wa Toronto. Nikafagia. Mchana nikachukua reki nikasawazisha kokoto pamoja na wanaume, wala sikuomba ruhusa.

Tulijenga maghala na karakana za nguzo, kaskazini mwa jiji la Toronto. Jengo la namna hiyo halina msingi wa ukuta: nguzo za mbao huzamishwa ardhini, paa na kuta hufuata, sakafu huja mwisho. Wengi huidharau sakafu hiyo kwa kuwa haibebi jengo. Mimi, hiyo ndiyo kazi niliyojifunza. Udongo laini unaondolewa, kokoto zinamwagwa na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Kisha mabamba ya povu gumu, mepesi kama yale yanayofungiwa televisheni mpya, ili joto lisipotelee ardhini. Mengine husimamishwa pembeni kuzunguka sakafu yote, maana baridi ya huku huingilia ubavuni. Ndipo wavu wa chuma, ndipo zege.

Msimamizi wangu wa pili alipenda kumaliza mapema. Kwenye karakana ya Bwana Sadru, Mhindi mzee aliyezaliwa Mwanza, msimamizi huyo alituamuru tuache mabamba ya pembeni.

"Yakishafunikwa, nani atayaona?"

Lori la zege lilikuwa limeshaingia uani Bwana Sadru alipofika kutazama. Nilimfuata.

"Shikamoo, mzee."

Akageuka upesi. "Marahaba, mwanangu! Kumbe wewe wa kwetu?"

"Wa kwetu. Mzee, pembeni hawajaweka kitu. Ardhi itaganda, itafura, sakafu yako itapasuka. Usikubali wamwage."

Msimamizi akafoka, "Hapa kazini tunasema Kiingereza!"

Nikamgeukia, nikayarudia yote kwa Kiingereza, polepole, asikose hata neno.

Bwana Sadru akaagiza lori lirudishwe. Tulipachika mabamba siku mbili, na la mwisho nililipachika mimi. Jioni ile nikafukuzwa. Mwenzangu mmoja tu alinibebea koleo hadi kituo cha basi.

Nilikaa bila kazi majira yote ya baridi. Masika kikosi kingine kilinichukua, na huko, kwa miaka tisa, hakuna lori lililomwaga zege kabla sijapita pembeni kote na kusema, "Mwageni." Wapo waliochukia kuamriwa na mama mwenye kilemba. Walichukia, na walisubiri.

Sasa nimestaafu, magoti yamechoka. Binti yangu, anayenijibu Kiingereza hata nikimwomba chumvi, huniuliza kama sijuti. Najuta, namwambia. Kabla ya ile ya Bwana Sadru kulikuwa na sakafu mbili zilizoachwa wazi pembeni. Niliona, nikanyamaza.