Herufi za Viatu

Mama Domitille Bagalwa anaandikia watu barua kwa kompyuta yake hapa Birere, na mimi nauza bahasha mlango wa pili. Miaka kumi namsikia akihubiri neno moja: barua ya kwenda biro, ofisini kwa wakubwa, iandikwe kwa herufi za Garamond. Sisi tunaziita herufi za viatu, kwa sababu kila moja ina kakiatu chini, kama mutu anayekwenda misa. Zile peku, anasema, mkubwa anaziona za mutoto wa shule. Nilimwamini, bahasha si ziliuzika.

Mwezi uliopita akaja Mama Rosette, mjane wa Ndosho. Jirani yake, Cubaka, anadai ni yake ile parsele, kiwanja ambacho Rosette aliachiwa na marehemu bwana yake. Akaomba herufi peku, "juu zile za viatu zinanichosha macho, mama." Domitille akanung'unika, akamwandikia.

Kesho yake akaja Cubaka mwenyewe, na suti. Akapewa Garamond, pembeni kumenyooka. Nikamuuliza Domitille kama anajua anachoandika. "Mimi naandika, sisomi," akajibu. Nilikasirika, lakini Cubaka nikamuuzia bahasha.

Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, akapokea barua zote mbili. Ya Rosette akaitupia jicho moja tu. Ya Cubaka akaipapasa, akaishika mbali kidogo, akasema hii imetoka kwa mutu aliyesoma, mambo yake lazima yako sawa. Rosette akapewa siku nane ahame. Wanasema njia ya mwongo ni fupi; huyu alivalishwa viatu, akafika mapema.

Rosette akarudi kwetu analia, na watoto wanne hawatakuwa na pa kulala. Domitille akawasha kompyuta. Akaandika upya barua ile ile, hata nukta hakuongeza, ila kwa Garamond. Tukaenda wote watatu.

Shefu akaziweka sambamba, akahangaika. "Zote zina viatu. Sasa nitajuaje?"

"Usome, muzee," Domitille akasema.

Miwani ikatafutwa, ikapatikana kabatini, karatasi ya bei ingali kwenye kioo. Shefu akasoma polepole, kwa kidole. Cubaka aliandika kwamba alinunua parsele kwa bwana ya Rosette mwezi wa saba. Rosette aliandika kwamba bwana yake alizikwa mwezi wa tatu, mwaka ule ule.

Shefu akavua miwani. Akamwambia Rosette arudi nyumbani, hakuna wa kumhamisha. Halafu akauliza nani aliandika uongo muzuri namna hii.

"Ni mimi, muzee," Domitille akasema. "Na mimi sikusoma."