Amplifaya ya Kaka Chumvi

Kama una haraka, usimpelekee kitu chako Fundi Polepole. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, tena kwa hasira, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kazi yake ilikuwa kufufua amplifaya za zamani, zile nzito za bati na mbao zenye taa za kioo ndani. Taa hizo si za kumulika, usije ukachekwa. Ndizo zinazokuza sauti, na mashine ikiwa nzima huwaka wekundu hafifu na kutoa joto la kukausha soksi. Fundi aliziokota amplifaya hizo kwenye mabanda ya kuku, kwenye stoo za shule, chini ya vitanda vya watu waliokwisha kusahau wanalalia nini. Majirani walimcheka mpaka siku waliposikia santuri ikipigwa kwenye mojawapo. Hapo walinyamaza, kisha wakauliza kama anauza.

Alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo alikuwa mbishi hakuna mfano. Mashine iliyokaa miaka bila kuwashwa yeye alisema imelala, na iliyolala haikurupushwi. Ukiichomeka tu kwenye umeme, kapasita zake, vile vikopo vya kutunza umeme, zinapasuka, transfoma inaungua, na transfoma ya namna ile ikishaungua ndiyo basi tena, hakuna duka la kuipata. Kwa hiyo aliiunganisha na balbu ya kawaida ya nyumbani, umeme upite kwanza kwenye balbu, mashine ipate kidogo kidogo. Siku ya kwanza balbu ndogo, ya pili kubwa kidogo, ya tatu kubwa zaidi. Siku tatu kamili. Aje nani, alie nani, siku tatu. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuunguza hata mashine moja, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia.

Jumatatu moja asubuhi, gari likasimama mbele ya karakana yake, akashuka mwanamke mtu mzima, amebeba kitu kizito kilichofungwa kwenye shuka. Fundi alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alikuwa binti wa kaka yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo mezani, utaumia mgongo."

Shuka ilipofunguliwa, Fundi akakaa chini bila kupenda. Ilikuwa amplifaya ya marehemu baba yao. Ndiyo aliyojifunzia kazi. Akiwa na miaka kumi na minne aliifungua kwa bisibisi ya kuazima, akala bakora za baba, kisha akaitengeneza, baba akaja kuomba radhi kwa aibu. Kila Jumapili mchana yeye, kaka yake na baba walikaa mbele yake, baba katikati, wakasikiliza santuri ileile moja mpaka mama akawafukuza waende kuoga.

Baba alipofariki, kaka mkubwa akaja na lori lake akaichukua. "Mimi ndiye mkubwa," alisema, basi. Fundi akamwambia, "Utaiua. Wewe hujui kutunza hata viatu." Kaka akamjibu neno ambalo si la kuandika. Tangu siku hiyo miaka kumi na moja ilipita. Kwenye harusi mmoja akikaa mbele, mwingine anakaa nyuma, na watoto wao wakawa wanasalimiana kwa macho.

Kaka mwenyewe watu walimwita Chumvi, na ukimsikia akisimulia dakika tano ulijua kwa nini. Alikuwa dereva wa lori. Akipata pancha moja asubuhi, ikifika jioni zimekuwa nne na simba yupo kando ya barabara anamshikia jeki. Uongo wake haukuwa na ubaya, ila ulikuwa mwingi, na ndugu yake hakuuchekea hata siku moja.

"Baba ametoka hospitali," binti alisema. "Wamesema tukae naye tu nyumbani."

Fundi alielewa. Maneno hayo hata mtoto anayaelewa.

"Anataka kuisikia mara moja tu. Anasema uje nayo, mkae wawili, mpige ile santuri ya babu. Hataki kitu kingine, baba mdogo. Hata chakula hataki. Na kuna neno amenituma nikufikishie kama lilivyo. Amesema, 'Mwambie haijalala.'"

Fundi akacheka, kicheko kikavu. "Haijalala! Mwanangu, baba yako hata kitandani anatia chumvi." Akapitisha kidole juu ya taa, kikatoka cheusi kwa vumbi. "Hii ni nini? Unga?"

"Mimi naishi mbali, yanayofanyika pale nyumbani siyajui. Nimetumwa neno, nimelifikisha."

"Basi na wewe mfikishie langu. Alhamisi asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, nayo mkononi."

Binti akaaga.

Fundi akaanza. Alitoa vumbi kwa brashi ya rangi, kona kwa kona. Akachomoa taa moja moja, akasafisha miguu yake ya chuma, akazirudisha. Akaunganisha balbu ndogo, akawasha swichi. Sasa hapa sikiliza vizuri. Balbu ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, mashine ni mgonjwa. Ikiwaka kisha ikafifia pole pole kwa nusu siku, mashine inarudi kwenye uhai. Hii iliwaka mara moja, ikafifia palepale, kama mashine iliyozimwa jana. Fundi aliona. Macho anayo. Akaguna, akajiambia zipo mashine laghai zinazojifanya nzima kisha zikakulipukia siku ya tatu. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukutana na mashine ya hivyo hata moja. Laghai aliyemfahamu alikuwa mtu.

Jumanne akaweka balbu ya pili. Ikawa vilevile. Saa sita mchana simu ikalia, binti tena.

"Baba mdogo, baba anasema uje leo. Hata kama haijawa tayari, njoo hivyohivyo."

"Vipi, amezidiwa?"

"Anaongea. Lakini njoo."

"Kama anaongea, hajambo. Imebaki siku moja tu, mwanangu. Nikiikurupusha ikaungua, nitampelekea nini? Majivu?"

Mkewe alikuwa mlangoni na sahani ya chakula, akayasikia yote. Akaiweka sahani juu ya meza kwa kishindo.

"Wewe huogopi mashine kuungua. Unamwogopa kaka yako."

"Nimwogope kwa lipi?"

"Unaogopa kwenda mikono mitupu. Ukiwa umeibeba hiyo, utaanza kuunganisha nyaya, hutalazimika kusema pole. Nenda kamwone ndugu yako, mume wangu. Mashine ina miguu? Itakukimbia?"

Fundi alimwambia asimwingilie kazi. Lakini mkewe alikuwa amemgusa palepale penyewe. Jioni alivaa hata viatu. Akafika kwenye kona ya mtaa, akasimama, akaanza kupanga maneno ya kusema akifika. Kila alilolishika likamponyoka. Akarudi, akavua viatu, akajiambia Alhamisi si mbali.

Jumatano balbu kubwa. Kutwa nzima mashine iliwaka wekundu wake, haikunguruma, haikukoroma. Akaunganisha spika, akaweka sikio. Kimya safi. Akachomeka na redio, zikatoka noti mbili tatu, na Fundi akajikuta machozi yanamlengalenga, akazima haraka, akasema santuri wataipiga wote wawili. Jambo hilo alilitaka kwa moyo wote, nisije nikamwonea. Alitaka kukaa tena mbele ya ile mashine na mtu pekee duniani aliyekuwa anakumbuka jinsi baba yao alivyokuwa akipigapiga goti.

Alhamisi aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati la kupigia picha. Aliipakata amplifaya ndani ya teksi njia nzima, akamkaripia dereva kwa kila shimo. Dereva akamuuliza, "Mzee, umebeba mayai?" Fundi akajibu, "Nampelekea kaka yangu," na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja kulitamka neno hilo bila kulisindikiza na tusi.

Alipofika, watu walikuwa wanatoa viti nje.

Akasimama getini na mzigo wake. Viti vya sebuleni, vya jikoni, kiti kimoja cha ofisini chenye magurudumu, vyote vinapangwa kivulini. Viatu vimejaa mlangoni. Jirani mmoja akaja kumpokea, akamuuliza amplifaya aiweke wapi. Ikaamuliwa iwekwe juu ya kabati la vyombo.

Shemeji yake alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, khanga kichwani. Alipomwona akainuka, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango wa chumbani.

"Ameondoka saa moja asubuhi hii," alisema.

"Shemeji, nisamehe." Sauti ya Fundi ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nisingeweza kuiwasha siku ileile. Mashine imelala miaka kumi na moja, ukiikurupusha..."

"Nani kakwambia imelala?"

Fundi akageuka kuitazama pale juu ya kabati.

"Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikuwa anaiwasha saa nzima," shemeji alisema, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Hata akirudi safari hajapumzika. Hata ile mvua ilipobomoa ukuta, aliiwasha kwanza ndipo akaenda kutafuta mafundi. Mwaka huu alipoanza kuumwa, aliniambia mimi nibonyeze swichi huku ananiangalia. Anasema, 'Mashine hizi zisipowashwa zinakufa, mdogo wangu ndiye aliyenifundisha. Siku akija asije akaniambia nimeiua.'"

"Lakini vumbi lile, shemeji. Niliona vumbi."

"Alinikataza kulifuta. Alisema humo ndani kuna vitaa vya kioo, nikipitisha kitambaa nitavivunja, na vikivunjika havipatikani. Brashi yake anaijua mdogo wake peke yake, ndiyo maana ililetwa kwako."

Loo. Mara moja tu katika maisha yake Chumvi alikuwa amesema neno bila kuliongeza wala kulipunguza, akalituma kwa mwanawe kama lilivyo, na mtu aliyetumiwa akalicheka. Fundi aliziona kichwani zile balbu tatu, jinsi zilivyofifia palepale moja baada ya nyingine. Mashine ilimwambia Jumatatu saa nne asubuhi. Saa tano wangekuwa wamekaa wanasikiliza.

"Alikasirika?" akauliza.

"Juzi mimi ndiye niliyekasirika. Nilitaka kukupigia nikutukane. Akanizuia. Akasema, 'Mwache. Akisema siku tatu ni tatu. Huyo hajaunguza mashine hata moja tangu azaliwe.' Kila aliyekuja kumwona alimwambia hivyo. 'Mdogo wangu hajaunguza hata moja.' Watu walidhani ni chumvi zake."

Fundi akafunika uso kwa viganja.

"Leo alfajiri akaomba tumkalishe, tumwekee mito mgongoni, aweze kuona mlangoni. Akasema tuweke na kiti hapo, karibu yake, wewe unapenda kukaa upande wa kulia. Kisha tukakisogeza watu walipoanza kuja." Shemeji akaelekeza kidole. "Ndicho hicho ulichokalia."

Fundi alikishika kiti kwa mikono yote miwili. Akalia pale mbele ya wageni, mwanamume wa miaka sitini na mbili, kwa sauti, bila kujali, kama watoto wanavyolia wakiachwa sokoni. Alisema, "Nimemnyima. Kitu kimoja aliomba, nimemnyima." Alimwomba shemeji yake msamaha, akamwomba na binti aliyekuwa amekuja kusimama nyuma yake. Binti akamshika bega, kisha akauondoa mkono, na Fundi hakumlaumu.

"Mimi huna la kuniomba," shemeji alisema mwishowe. "Wa kuombwa yumo ndani. Nenda, bado hawajaja kumwosha."

Basi akaingia, akakibeba na kile kiti. Akakiweka upande wa kulia, akakaa. Kaka yake alikuwa amekonda mno, amebaki na pua ya baba yao tupu. Kwa miaka kumi na moja Fundi alikuwa na mengi ya kumwambia, na kwenye kona ya mtaa Jumanne jioni hakuyapata. Sasa yakamjia yote kwa mpigo, mepesi, hata hayakuhitaji kupangwa, akayasema moja baada ya jingine mpaka yakaisha.