Msomaji Bora wa Darasa la Nne

Darasa la nne la shule yetu lilinuka popo. Walikuwa wamejaa juu ya dari, na jua la Chemba likishapasha bati, harufu ya kinyesi chao ilishuka taratibu ikakaa puani kama mgeni asiyejua kuaga. Sisi wa darasa la pili tulisomea chumba cha jirani, na ukuta uliotutenganisha nao haukufika juu, kwa hiyo tuligawana harufu na tuligawana sauti. Sauti niliyoingoja kila asubuhi ilikuwa ya kaka yangu Juma akisoma kitabu cha Kiswahili. Alisoma bila kukwama. Alijua pa kupumzika na pa kupandisha sauti, na maneno marefu yaliyowaangusha wenzake yeye aliyaruka kama mbuzi anavyoruka mtaro. Mwalimu wetu alikuwa akinyamaza ili nasi tusikilize, na mimi nilijivuna mpaka nikawa sisemezeki. Siku ya wazazi Juma ndiye aliyesimamishwa mbele kusoma, na mama, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, alifuta machozi kwa upindo wa kanga. Hakuna aliyejua, hata Juma mwenyewe, kwamba hakuwa akielewa alichokuwa akikisoma.

Msishangae. Nyumbani tulizungumza Kisandawe, lugha ambayo wageni huicheka kwa sababu ulimi unagonga kaakaa katikati ya neno, na wao wakijaribu hujing'ata. Kiswahili tulikutana nacho shuleni, nacho kilikuja kama amri: simama, kaa, leta kuni, nyamaza. Hizo tulizielewa upesi, maana nyuma yake palikuwa na fimbo. Lakini kabla ya shule tulikuwa tumepita chuo cha Kurani kwa maalim, na huko tulifundishwa kwamba adabu ya kwanza ya msomaji ni kuipa kila herufi haki yake. Maana, alisema maalim, tungefundishwa tukikua. Lilikuwa fundisho jema kwa mahali pake. Juma, mtoto mtiifu kupita kiasi, aliichukua adabu ile nzima nzima akaipeleka shuleni. Kwake kusoma kulikuwa ni kuyapa maandishi sauti iliyo sahihi. Kitabu kilikuwa kitu cha kuheshimiwa, na haikumpitia akilini kwamba kitabu kinaweza kuwa kinakuambia jambo. Maneno mawili matatu ya kila ukurasa aliyajua, ila hakuwahi kufikiri kwamba yameshikana. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na kweli, kwa miaka mitatu na zaidi hakuna aliyemwambia.

Kiangazi kile alikuja Mwalimu Ruth, mwanamke mwembamba mwenyeji wa Kilimanjaro, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza maswali baada ya kusoma. Hadithi ilikuwa ya bwana mmoja bahili aliyeficha chungu cha nyama mvunguni alipoona wageni, na wakati akiwaapia kwamba nyumba haina kitu, mbwa akaingia mvunguni akakimaliza. Juma aliisoma vizuri kama kawaida yake. Nikasikia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Haya Juma, kwa nini yule bwana aliaibika?" Kisha kaka yangu akaanza kuisoma hadithi upya, tangu mstari wa kwanza, vizuri kuliko mara ya kwanza. Mwalimu akauliza tena. Juma akaisoma tena, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeamini kwamba kuna herufi ameidhulumu. Wenzake hawakucheka, kwa sababu hata wao waliona hilo ndilo jibu. Mwalimu Ruth alidhani anafanyiwa dhihaka. Hakumchapa, lakini alimwambia Juma aje na mzazi, na kesho yake baba akaacha mizinga yake ya nyuki akaenda shuleni.

Baba hakujua kusoma hata jina lake. Lakini asali ilikuwa imempeleka Kondoa, na ikampeleka Dodoma mjini mpaka soko la Majengo, na huko kwa wafanyabiashara alijifunza Kiswahili cha kutosha kubishana na kutaniana. Mwalimu alimkaribisha, wakaamkiana, akamwomba Juma asome mbele ya baba ili mzee ajionee mwenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni, nimetumwa kuleta maji ya kunywa. Juma akasoma. Alipofika pale mbwa anapotoka mvunguni akijilamba mdomo mbele ya wageni, baba alicheka mpaka akashika mbavu. Juma aliacha kusoma, akamtazama baba kwa woga, akidhani amekosea. Mwalimu Ruth naye alimtazama Juma, na nadhani ndipo alipoanza kuelewa, maana alifunga kitabu taratibu na hakuuliza swali lolote tena siku ile.

Tulirudi nyumbani watatu kwa njia ya kichakani. Juma akasema kwa lugha yetu, "Baba, kule ulikuwa unacheka nini?"

"Yule bwana bahili. Mbwa anamaliza nyama, naye anaapa hana kitu."

"Nani alikuambia habari hizo?"

Baba alisimama. "Si wewe, mwanangu? Si wewe umesoma?"

Juma aliketi chini pale pale njiani, kwenye vumbi. Nilimwona akihesabu kitu kichwani, midomo ikimcheza. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo mpaka leo inanikata maini, "Na vile vitabu vya darasa la tatu, navyo vilikuwa na watu ndani?" Baba alimshika mkono akamwinua, na kaka yangu alilia mpaka tulipoiona nyumba. Hakulia kama mtoto aliyechapwa. Alilia kama aliyefiwa na watu ambao hakuwahi kuonana nao.

Tangu siku hiyo kila jioni baba alikaa uani akipaka nta mizinga, Juma akikaa karibu yake na kitabu. Juma alisoma, baba akasikiliza, kisha baba akayasema yale yale kwa Kisandawe. Mmoja alikuwa na herufi, mwingine alikuwa na maana, na mpaka mama anapakua ugali wa uwele wawili wale walikuwa wamepata hadithi moja nzima. Baada ya chakula zamu ilikuwa yangu, nami niliichukia. Juma alifunika ukurasa wangu kwa kiganja, akaniachia mstari mmoja tu, akaniuliza kwa lugha yetu mstari ule umeniambia nini. Nikishindwa, kiganja hakisogei. Nilimshtaki kwa mama kwamba Juma ananinyima kusoma. Mama alicheka tu, akasema tumalizane wenyewe.

Laiti Mwalimu Ruth angekuja mwaka mmoja mapema. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mtihani wa darasa la nne haukungoja kibaba kijae. Juma alianguka, yeye aliyewasomea wazazi wote wakapiga makofi. Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia baba kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mtoto arudie darasa. Baba alimjibu kwa mambo anayoyajua. "Mzinga nyuki wakiukataa, mwalimu, hatuutii moto. Tunaupaka nta tunauhamishia mti mwingine." Wakakubaliana. Mama alichinja kuku, na Juma, kwa mara ya kwanza tangu matokeo, alikula akashiba.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Ruth alikuwa amehamishwa. Aliyekuja baada yake alimweka Juma nyuma kabisa pamoja na warudiaji, na hakumpa kitabu asome, kwa sababu alishaambiwa huyu husoma bila akili. Watoto wakampachika jina la Kasuku. Mwaka uliotangulia maneno yale yangempita kama upepo. Sasa Kiswahili kilikuwa kimemwingia, na alielewa kila neno walilomwita, na kila neno mwalimu alilolisema juu yake. Mvua nazo zikakataa. Uwele ulikauka kabla ya kutoa masuke, baba akawa anashinda porini akitafuta asali ambayo haikuwapo, na mjomba aliyekuwa akilima Busi akasema anahitaji kijana wa kumsaidia. Juma hakulazimishwa na mtu. Asubuhi aliyoondoka alinikuta nikipiga mswaki, akaniambia, "Mdogo wangu, usiende mstari wa pili kama wa kwanza haujakuambia kitu." Nilimwitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mate. Ningependa kusema nilimkimbilia. Nilijua atarudi, kama watoto wanavyojua mambo.

Kwa kiganja kile cha Juma nilifaulu, nikafaulu tena, nikapelekwa shule ya bweni, na leo nafundisha Kiswahili sekondari hapa Dodoma mjini. Niliolewa na mtu wa Iringa, nikazaa watoto wanaosema Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni. Madarasa ya sasa yana dari safi na vioo madirishani. Lakini kila mwaka nakutana na wanafunzi wanaosoma kurasa za Kiingereza kwa ufasaha wa kupendeza, na ukiwauliza walichosoma wanainama kutafuta mstari wa kukusomea tena. Wenzangu huwaita wavivu. Mimi huwafunikia ukurasa kwa kiganja, na wakati mwingine inanibidi nitoke nje kidogo.

Mwaka jana mama alifariki. Siku ya kuanua matanga tulikaa uani, Juma amekuja kutoka Busi, mvi zimeanza kumtoka, mikono migumu ya mkulima. Mama mkubwa alisimama akamzungumzia marehemu mdogo wake kwa Kisandawe, kile cha wazee, kirefu, na watu walilia, wakacheka kidogo, wakalia tena. Mimi, niliyeacha Kisandawe nilipokwenda bweni, nilishika maneno mawili matatu. Kwa miaka yote ile, kwenye simu, mama na mimi tulikuwa tumebakiwa na salamu, mvua, na afya ya watoto, na nilidhani hiyo ndiyo lugha yote. Juma alinitazama usoni akaelewa. Alijisogeza karibu, akaanza kunitafsiria kwa Kiswahili safi, sentensi baada ya sentensi, wala hakuniacha niende ya pili kabla sijaitikia ya kwanza. Mahali pamoja aliacha kutafsiri. Nikamwomba aniambie. Akasema mama mkubwa anasema kwamba mdogo wake alitamani sana kuja kukaa kwangu mjini, ila aliogopa kuwa bubu nyumbani mwa mwanawe.