Kikombe Alichokitua Chini

Mtu mmoja wa kampuni ya umeme alikuja majlisi kwetu, chumba cha wageni, hapa mtaani Hamriya alasiri, kanzu imenyooka kwa pasi, udi unanukia mpaka ndani kwa wanawake. Alitaka turidhie kuwashwa tena mtambo wa umeme ulio nyuma ya nyumba zetu, uliolala miaka na miaka.

Mtambo ule naujua. Nguo nkianika nyeupe, nkianua zina masizi. Marehemu mume wangu akitema makohozi meusi kwenye kopo, na kopo nkilisafisha mimi. Wote waliokufa kwa kifua mtaani nnawajua kwa majina.

Mwanangu akamtilia kahawa. Yule mtu akapokea kikombe, akakitua chini. Huku kwetu mgeni akifanya hivyo ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Sinywi, sheikh, mpaka mniridhie."

Mie niko nyuma ya pazia, na mjukuu wangu ubavuni, binti wa huyo huyo mwanangu, kashika kidude chake cha kuvutia dawa ya pumu. Nikaomba moyoni: mwanangu, nyamaza.

"Kunywa, bwana," akasema mwanangu. "Haja yako tumekuridhia."

Akanywa, akakitikisa kikombe kuonesha katosheka, akaenda zake. Wiki haijesha, tukasikia eti kwa neno lile la mwanangu mtaa mzima umekubali.

"Ningefanyaje, mama? Mgeni yumo ndani ya nyumba!"

"Nyumba ya nani? Umemtoa mwanao kafara kwa kumwonea haya mtu anayenuka udi. Nnaona kinyaa, toka mbele yangu."

Siku mbili sikula naye. Siku ya tatu nikavaa buibui, nikachukua kwa jirani karatasi ya kuukataa mtambo. Kusoma sijui sana, lakini nyumba gani ilitoa maiti ya kifua, hilo halinipotei. Nikapita nayo nyumba kwa nyumba; nkifunguliwa mlango, salamu, kisha nnamtaja marehemu wao kwa jina. Wakatia sahihi. Mie nikabonyeza dole gumba.

Yule mtu aliporudi, karatasi imeshafika kwa wakubwa na mtambo haujawashwa. Safari hii nilitoka mwenyewe nje ya pazia, nikamtilia kahawa. Akakitua kikombe chini, anacheka.

"Sinywi, mama, mpaka muiondoe karatasi yenu."

"Basi usinywe."

Kicheko kikamkauka. Akamtazama mwanangu, akingoja neno la adabu. Mwanangu akainama, akakiokota kikombe, akenda kukimwaga jikoni.