Wivu wa Da Kam na soseji za ng'ambo ya kichochoro

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, juu ya paa la jengo kuukuu la Yau Ma Tei, Hong Kong, wanawake wawili wanakata mafuta ya nguruwe kwenye meza moja. Hawatazamani.

"Vipande vyako vikubwa, bosi," anasema aliye mdogo kwa umri, Mok Lai-har.

"Kata vyako," anajibu Yip Sau-kam, bila kuinua kichwa.

Sau-kam, 59, amepika na kuuza wali wa chungu kwa miaka 26. Roho ya chungu chake ni soseji, ambayo mafuta yake hushuka taratibu hadi kwenye ukoko. Mwaka jana fundi aliyekuwa akimuuzia alifunga duka. Vyungu 90 kwa siku vikashuka hadi 40.

Wateja hawakwenda mbali. Walivuka tu kichochoro, hadi kwenye mgahawa wa Lai-har, aliyewahi kumwoshea vyombo kwa miaka sita.

"Kila akifunua chungu, harufu inaingia kwangu bila hodi," anakumbuka Sau-kam. "Nikamtuma mtu aninunulie kimoja. Nilikula nimeupa mlango mgongo. Kitamu mpaka nikakasirika!"

Akaanza kuzunguka madukani, akiminya na kunusa soseji. Nyingine zilitiwa rangi. Nyingine zilikuwa sukari tupu, mafuta yamesagwa yakawa uji. Duka la kumi na moja, muuzaji uvumilivu ukamwisha.

"Da Kam, nunua basi, au nitakutoza kwa kunusa!"

Alijishusha, akamuuliza Lai-har anakonunua. Lai-har alicheka. "Si wewe uliyenifundisha kwamba siri ya jikoni haitoki jikoni?"

Jumamosi iliyofuata Sau-kam alimfuata kwa mbali. Akapanda ngazi ghorofa saba, akatokea kwenye paa hili, ambako mzee Tse Pak-hong huanika soseji zake kwenye upepo wa kaskazini. Lai-har alikuwa amefunga aproni, kisu mkononi.

"Niuzie na mimi, mzee wangu," Sau-kam aliomba, akihema.

"Za kuuza hazitoshi," mzee Tse alimjibu. "Huyu huja kila wiki tunakata pamoja, ndiyo maana anapata. Wapishi wengine mnapiga simu tu."

"Ningemkuta ameiba, ningelala usingizi mnono," anasema Sau-kam. "Nikamkuta anafanya kazi. Hapo ndipo roho iliponiuma kwelikweli."

Aliomba kisu siku ileile. Leo ni Jumamosi yake ya tano.

Je, amemsamehe?

"Nimsamehe nini? Kosa lake ni kunizidi."

Mzee Tse amemwahidi kamba moja ya soseji atakazotengeneza Sau-kam mwenyewe mwanzo hadi mwisho, zikauke kabla ya Mwaka Mpya.

"Chungu cha kwanza nitampelekea Lai-har, bure," anasema, akimtupia jicho mwenzake. "Nitasimama palepale mpaka amalize. Nataka nione uso wake akikosa la kusema."