Zimwi Linalosalimia

Napenda kuogopa. Nasema wazi, kwa sababu hapa Bariadi watu wakisikia kwamba mwanamke mzima, mwenye duka lake la fotokopi na la kuchapa barua za kuomba kazi, anajifungia chumbani kucheza gemu za kutisha, wanadhani ana matatizo ya ndoa. Sina matatizo ya ndoa. Hata hiyo ndoa sina. Nina laptopu, nina hedifoni, na nina mdogo wangu wa kike ambaye hupiga kelele kabla zimwi halijatokea. Vinanitosha.

Gemu tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nyumba moja kubwa yenye giza. Huna bunduki, huna panga. Una tochi inayokaribia kuzima, na kazi yako ni kutafuta funguo, kufungua mlango wa nyuma na kutoka. Ndani ya nyumba kuna zimwi kipofu. Halikuoni, lakini linasikia: ukikanyaga ubao uliolegea, ukiangusha kikombe, linakuja. Tulicheza kwa zamu, mmoja ameshika kipanya, mwingine amemshika mwenzake bega. Siku moja zimwi limetufikia mgongoni, umeme ukakatika mtaa mzima, na mdogo wangu akatoka mbio mpaka nyumba ya jirani, akaingia bila hodi. Aliwakuta wanakula. Wakamkaribisha, akanawa, akala, akarudi ameshiba.

Nilipocheka vya kutosha nikawaza: kwa nini tuogope wawili tu? Kwa nini tusiifanye gemu hii kwa miguu yetu wenyewe, na watu wengi, katika giza la kweli? Nikawaambia wenzangu wa kwaya ya vijana, wakapokea kama mchezo wa kupitisha Jumamosi. Aliyenitia moto ni binamu yangu wa Mwanza. Nilimpigia simu kumwambia, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, gemu ni skrini na sauti," alisema. "Ninyi watu wa pamba mtamtisha nani huko? Ng'ombe?"

Mimi mtu akinidharau huwa sijibu palepale. Nikamwambia aje mwenyewe aone, na aje na marafiki zake.

Ghala tulipata bila shida. Ushirika ulikuwa umeshamaliza kununua pamba, malori yameshabeba kila kitu kwenda kuchambuliwa, na jengo lilikuwa limebaki na majunia matupu, mizani kubwa ya chuma katikati, na harufu ya mbegu. Mwenyekiti alitukubalia kwa sharti kwamba tulifagie. Milango ikifungwa, hata saa nane mchana huoni kiganja chako. Tulipanga majunia yakawa kuta na vichochoro. Tukafunga kamba chini, usawa wa vifundo vya miguu, na juu yake tukaning'iniza kengele za ng'ombe tulizoazima kwa mjomba wetu wa Lingeka. Ukigusa kamba, kengele inalia, zimwi linakuja. Niliona nimemaliza kila kitu.

Tukafanya jaribio. Zimwi alikuwa mwimba besi wetu, kijana mrefu mwenye sauti ya kutoka kisimani. Tulimvika kitenge na mtandio, tukampa fimbo, tukamwambia ajikunje atembee kama bibi kizee aliyefufuka. Alijikunja vizuri sana. Hilo ndilo lililotuharibia.

Kundi la kwanza liliingia na tochi moja hafifu. Kengele ikalia. Bibi kizee akajitokeza kichochoroni, anakokota mguu, anakoroma. Mimi nimejificha nyuma ya mizani, nasubiri mayowe. Binti aliyetangulia alimmulika, akaona kitenge, akaona fimbo, akaona mgongo uliopinda. Akapiga goti.

"Mwadila, mayu," akasema, ndiyo shikamoo yetu ya Kisukuma kwa mama mtu mzima.

Na wote waliokuwa nyuma yake wakapiga goti, mmoja baada ya mwingine, mwadila mayu, mwadila mayu, hata kijana mmoja akavua kofia. Zimwi nalo, kwa kuwa limelelewa, likaitikia. Likawauliza habari za nyumbani. Nilitoka mafichoni nikiwa nawaka.

"Mnamwamkia mzimu?" nikawauliza. "Mnapaswa kukimbia!"

"Sasa dada, umkimbie mtu mzima bila kumsalimia?" binti akanijibu, bado yuko chini. "Tutaonekanaje?"

Nilirudi nyumbani nimenuna.

Sasa lazima niseme kuhusu bibi yetu, mama yake baba. Baba alikuwa amemchukua kutoka kijijini kwake, Migato, baada ya ukuta wa nyumba yake kuanguka wakati wa mvua, na macho yake yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Tulimpa chumba kizuri. Alikaa kwetu kimya, kwenye kigoda chake pale koridoni, na wiki hiyohiyo ya maandalizi yangu alikuwa amefunga kapu lake. Alitaka kurudi Migato Jumatatu. Baba alimbembeleza, akamweleza kwamba kule hakuna ukuta, hakuna wa kumtekea maji, ataanguka kisimani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akasema atarudi. Baba alikuwa hali chakula vizuri. Na mimi nilikuwa naogopa, si woga ule ninaoupenda bali huu mwingine, maana bibi asiyeona katika nyumba isiyo na ukuta ni msiba unaosubiri siku.

Jioni ile wakati wa kula nikasimulia habari ya zimwi lililoamkiwa. Nilisimulia kwa hasira, lakini mdogo wangu alikuwa anaigiza, anapiga goti, anavua kofia isiyokuwepo. Bibi akacheka. Tangu aje hatukuwa tumemsikia akicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge, kisha akanyamaza, akasema bila kumwangalia mtu:

"Wamemsalimia marehemu. Mimi humu ndani ni mzima, na watu wananipita na simu zao kama napitwa na gari. Nasikia tu viatu. Viatu havina salamu. Migato hata mchunga ng'ombe wa mtu mwingine husimama."

Hata mimi, salamu zangu kwake zilikuwa za mguu mmoja ndani mwingine nje. Kumbe hiyo ndiyo sababu ya kapu. Si chumba, si chakula. Baba aliinamisha kichwa, na nilimwonea huruma.

Lakini mimi akili yangu ina tabia ya kuruka pasipostahili, na palepale nikaona gemu yangu yote kama mtu aliyewashiwa taa. Tulikuwa tumehangaika na meno na mikoromo, kumbe kitu kigumu kuliko vyote kwa mtoto wa Kisukuma ni kupita mbele ya mzee anayekusalimia, ukanyamaza. Hicho ndicho cha kuwatisha! Zimwi halitakimbiza mtu. Zimwi litakaa, litasalimia, na atakayeitikia amekwisha.

"Bibi," nikasema, "unaweza kuwa zimwi?"

Baba akapaliwa. "Mama yangu afanywe jini? Ghalani? Watu wa kanisani watasema nini?"

"Watasema nini nini?" bibi akamkata. "Hebu mwache aseme. Kazi yenyewe nafanyaje?"

Nikamweleza. Atakaa juu ya mizani katikati ya ghala, gizani, mahali ambapo kila mtu lazima apite ili kufika mlango wa nyuma. Akisikia hatua, asalimie. Akauliza kama anaruhusiwa kusalimia tena mtu akikataa kuitikia. Nikamwambia anaruhusiwa anavyotaka. Akatabasamu tabasamu ambalo, kusema kweli, lilinitia baridi.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema. "Lakini litakula kidogo."

Jumamosi walikuja watu kuliko nilivyotarajia, wanakwaya na marafiki zao na wengine walioona tu kuna jambo. Binamu alifika na vijana wenzake wa Mwanza, miwani ya jua, hedifoni shingoni. Bibi alikuwa ameketi nje ya ghala akisubiri kuingizwa. Binamu akampita akinipungia mkono mimi, anaongea na simu. Huyu ni mjukuu wake, mtoto wa shangazi yetu. Bibi aligeuza kichwa kufuata sauti ya viatu, wala hakusema neno. Tukamwongoza ndani, tukamketisha kwenye mizani, tukafunga milango.

Kundi la kwanza lilikuwa na maringo, maana masharti yalionekana mepesi: tafuta ufunguo, pita, usiitikie. Mimi nilikuwa pembeni gizani na kipande cha chuma cha kugonga kutoa ishara mtu akikamatwa. Walitembea vizuri, mwenda pole hajikwai, hata kamba hawakugusa. Wakafika kwenye mizani. Kimya. Halafu giza likasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa mlangoni kwake mchana akiwasalimia wanawe:

"Mwadila, bana bane."

Nilisikia pumzi zao zikisimama. Hakuna aliyejibu.

"Mwadila," bibi akarudia. "Ni kina nani hao? Mbona mnanipita?"

"Mwadila mayu!" akalipuka mmoja, na wenzake wote wakafuata kama maji ya mfereji. Nikagonga chuma. Nje watu wakashangilia, wakataka kujua kuna nini humo.

Kundi la pili liliingia limeshaonywa, likakamatwa. Katika la tatu, binti yule aliyempigia goti mwimba besi alijaza mtandio mdomoni. Alimpita bibi hatua kadhaa. Bibi akasema, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Binti akatoka mbio, akarudi kwa njia aliyoingilia, analia na kucheka pamoja, akisema ameona afadhali zimwi lenye meno. Waliotoka walikuwa wanatetemeka kweli. Mzee mmoja wa baiskeli aliyesimama kuangalia aliwauliza wameona nini, wakashindwa kumweleza. Mimi nilikuwa nasikia raha ambayo hakuna skrini iliyowahi kunipa.

Akabaki binamu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini yeye bado alikuwa katikati ya sakafu. "Salamu tu?" akauliza. "Mnalia kwa salamu?" Akaingia peke yake.

Nakiri alikuwa mzuri. Alipata ufunguo upesi, akaruka kamba, akafika kwenye mizani. Bibi akasalimia. Kimya. Akasalimia tena, akauliza habari za safari, akauliza kama amekula. Kimya. Nikasikia ufunguo ukiingia kwenye kufuli la mlango wa nyuma, na roho yangu ikashuka. Alikuwa ameshinda. Angerudi Mwanza na kicheko chake.

"Hatua zako ni za mama yako," bibi akasema. Hakupandisha sauti. "Nilizisikia tangu pale nje. Haya, nenda, mjukuu wangu. Ufike salama."

Ufunguo ukasimama. Nilisubiri. Kisha nikasikia kitu kizito kikigusa sakafu ya saruji, nikajua ni magoti.

"Mwadila, bibi," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mwadila. Nisamehe, sikukusalimia pale nje."

Niligonga chuma kile mpaka mkono ukafa ganzi. Mdogo wangu akafungua milango yote, mwanga ukaingia, na watu wakaona: bibi yetu ameketi juu ya mizani ya ushirika, mgongo umenyooka, na mtu wa mjini, wa Mwanza, yuko chini mbele yake bila miwani. Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani hata huko stesheni ya Malampaka waliinuka kuangalia kama treni imefika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amempita akatoka mlango wa nyuma. Zimwi lilikuwa limeshinda wote, na zimwi lilikuwa la kwetu!

Hapo ndipo lilipotokea ambalo sikulipanga. Wale wote waliojizuia kuitikia, na hata waliokamatwa, walikuwa hawajatulia mioyo. Wakaanza kujipanga. Binti wa mtandio akatangulia, akapiga goti, akaamkia upya, kwa heshima zote. Bibi akamshika mkono.

"Ng'wana nani?" akamuuliza, yaani mtoto wa nani.

Binti akataja baba yake, akataja babu yake, na bibi akamjua huyo babu, akauliza kama bado ana ule mguu mbaya. Ndipo akampisha wa pili. Foleni ilizunguka ghala. Salamu zilichukua muda mrefu kuliko gemu yenyewe, na mwenyekiti wa ushirika, aliyekuja kuchukua ufunguo wake, alijikuta naye amepanga foleni, kofia mkononi. Baba alisimama mlangoni akiangalia, akijifanya anakagua bawaba.

Jumatatu asubuhi gari la Migato lilipiga honi nje ya nyumba yetu kama bibi alivyoagiza wiki iliyotangulia. Sote tulikuwa tumeshamwamkia, mmoja mmoja, tumekaa chini, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Baba akabeba kapu mpaka mlangoni. Uso wake ulikuwa umesinyaa. Konda akaita mara ya pili.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, anakunywa uji.

"Mwambie aende tu," akasema. "Jumamosi nina kazi."