Balozi wa Mama

Dada yangu alinipigia simu nikiwa kwenye duka langu la vipuri, Uyole. Kuna Mzungu anashinda kwa mama, alisema, wanazunguka naye shambani, na mama anamwita balozi. Nilifunga duka, nikapanda basi la Iringa. Mzungu hazunguki bure kwenye shamba la mjane, tena shamba lenye maji karibu na Tosamaganga.

Niliposhuka nilipitia shambani kwanza, nione kama kuna bikoni mpya za wapima ardhi. Hazikuwepo. Ila mpaka wa juu, baba mdogo alikuwa ameongeza mstari mwingine wa miche ya milingoti ndani ya ardhi yetu, ugomvi wa tangu baba afariki.

Mzungu nilimkuta barazani, soksi kazivuta hadi magotini, anapukuchua mahindi na mama.

"Kamwene," akanisalimia. Kihehe chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanangu, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Nilimhoji kama afisa uhamiaji. Akasema yeye ni Muitaliano, mstaafu. Alianza kazi kwa kugonga mihuri ya viza, akahamishwa nchi baada ya nchi, mpaka akawa balozi kwenye nchi yenye vita. Huko alizikalisha pande mbili meza moja, zikasaini amani, na kabla mvua hazijaisha zikarudi kupigana. Mkewe alipofariki akaja misheni kujitolea kufundisha, akapanga nyumba jirani na mama. Maelezo yalinyooka mno. Msema kweli hukwamakwama kidogo.

Halafu nikang'amua kosa lilipo. Kijijini kwetu balozi ni yule wa nyumba kumi, anayeamua kesi za mbuzi na mipaka. Maskini mama! Kasikia neno, kampelekea mgeni kesi ya shamba, na mgeni mjanja kakubali.

Kesho yake baada ya misa wakakaa kweli, mama na baba mdogo, Mzungu katikati. Baba mdogo alifoka mpaka sauti ikamkauka. Mzee yule hakumkatiza hata mara moja. Kisha akawaomba wote wawili wamtembeze mpakani, na kila mmoja aeleze marehemu alikuwa analima kuishia wapi. Walipofika kwenye miche, baba mdogo alikiri kwamba kaka yake alikuwa analima kupita hapo, akasema ataing'oa mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yao, nasubiri Mzungu ataje anachotaka. Aliomba boga.

Jioni nilimfuata mama jikoni.

"Mama, yule siyo balozi wa nyumba kumi. Alikuwa balozi wa Italia, wa serikali."

Mama alicheka huku anasonga ugali. "Kwani mimi kiziwi? Ameniambia siku ya kwanza. Balozi wetu huyu wa hapa anashinda kwa baba yako mdogo, anakunywa ulanzi. Nilitaka mtu ambaye hana chake kwenye hili shamba."

Iliniuma. "Si ungeniita mimi? Mimi si mwanao?"

Akaepua sufuria, akanisogezea maji ya kunawa.

"Jana nilikuona nikiwa dirishani. Ulishuka na begi lako, ukaenda kupima shamba, ukazunguka yote, ndiyo ukaja kunisalimia mimi. Yule mzee akija hapa, anaanza na mimi."